Mafuta Mekundu na Watakatifu Wawili

Jumatatu, 3 Julai

Nina hasira. Neno hilo nimeliandika kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Asubuhi lori la bia limerudi nyuma bila dereva kutazama. Pwaa! Ukuta wa kanisa dogo la mtaa. Picha ya vigae ya Watakatifu Justa na Rufina, kazi ya marehemu baba yangu Anselmo Pozuelo, chini, vipande vipande. Kila siku nilikuwa napita pale kwanza, nasoma jina letu pembeni ya picha, ndipo naenda kunywa kahawa. Leo kahawa haikupita kooni.

Dereva kasema samahani. Samahani! Wale ni watakatifu wa wafinyanzi wote wa mtaa huu wa Triana, mjinga wewe, si kreti za bia.

Don Hilario, mwenyekiti wa chama cha waumini, kaamua palepale barabarani. Picha mpya lazima iwe ukutani siku ya sikukuu yao, tarehe kumi na saba. Nikamwambia asihangaike, mwana atairudisha kazi ya baba. Akakohoa. Akatazama viatu vyake. Akasema karakana mbili zitatengeneza, yangu na ya Casilda Rueda, na Jumapili ya tarehe kumi na sita watu wa mtaa watachagua.

Casilda! Huyu alikuja kwa baba kufagia vumbi la udongo. Akafagia, akafagia, mwisho akaufagia na ujuzi wa mzee wote akauhamishia ng'ambo ya barabara. Leo ashindane na mimi juu ya ukuta wa baba yangu? Atakiona cha mtema kuni!

Jumanne, 4 Julai

Sijalala vizuri. Joto, na hasira.

Tatizo ni kamba kavu. Ndivyo tunavyouita ule mstari mweusi wa kwenye vigae, ingawa si kamba, na kwangu mimi haijawahi kuwa kavu. Ni unga mweusi uliokorogwa na mafuta. Unachora nao mipaka ya picha, halafu katikati unajaza rangi za maji. Maji na mafuta hayapatani, kwa hiyo bluu inakaa kwake na kijani kwake. Kwenye tanuri mafuta yanaungua, rangi zinageuka kioo, katikati unabaki mstari mweusi safi. Mtoto mdogo anaelewa. Rangi zangu ndizo hazielewi. Mwaka jana nilitengeneza jogoo kwa ajili ya duka la kuku, akatoka kama kabichi.

Reme, mke wangu, anasema mafuta hayana kosa. Eti nachora kwa pupa, nafuta kwa pupa, na nadondosha rangi mstari haujakauka. Haraka haraka haina baraka, ananiambia, huku anakoroga supu baridi ya nyanya polepole makusudi ili kunikomoa.

Mwanamke huyu haelewi sanaa. Baba alimwachia Casilda siri ya mafuta, basi. Siri lazima iwepo. Kama haipo, kosa litakuwa la nani?

Jumatano, 5 Julai

NIMEIPATA!

Nilikaa baa asubuhi, pembeni kabisa, gazeti limenifunika uso. Casilda akaingia na aproni yake yenye madoa, akaketi kaunta. Mwenye baa akamuuliza picha ya watakatifu inaendaje. Akacheka lile cheko lake la kuku aliyetaga. Akasema, nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili: "Bila haya mafuta mekundu, mkono wangu hauchori hata mstari mmoja!"

Ameropoka mwenyewe! Mbele za watu! Alikuwa na kipande cha mkate mkononi, kimepakwa mafuta hayo, anajifanya anakula kifungua kinywa. Mjanja sana, lakini kwangu amegonga mwamba.

Mafuta mekundu! Mafuta ya nguruwe yaliyochemshwa na pilipili tamu, vitunguu saumu na majani makavu. Kila nyumba hapa inayo. Yako mezani kwetu tangu nazaliwa, na baba alikuwa anayapaka kwenye mkate kila asubuhi akinitazama. Kumbe alikuwa ananionyesha! Na mimi nikadhani ana njaa.

Nimenunua kopo kubwa. Reme kaniuliza kama nimesahau daktari alisema nini kuhusu moyo wangu. Nimemwambia ni kwa ajili ya watakatifu. Kafanya ishara ya msalaba, lakini si kwa uchaji.

Alhamisi, 6 Julai

Kazi imetia fora! Nimekoroga mafuta mekundu na ule unga mweusi, nimechora Justa na Rufina wamesimama, mnara wa kanisa kuu katikati yao, vyungu miguuni. Mstari unateleza kama unajichora wenyewe. Nikadondosha tone moja la maji kujaribu. Likasimama mpakani, likatetemeka, likarudi nyuma. Nimekaribia kulia. Nilimwita Reme aje aone. Kaja, kanusa, kasema watakatifu wananukia vizuri, wanahitaji mkate tu.

Acha anicheke. Vigae nimevipanga uani ili vipate hewa. Naenda kulala kidogo mchana huu, mtu mwenye ushindi ana haki ya kulala.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Nitamuua paka.

Tunamwita Askofu kwa sababu ya doa jeupe shingoni. Nimeamka, nikamkuta uani amelala chali, tumbo limetuna, masharubu meusi ti. Kalamba Rufina uso mzima! Kalamba mnara mpaka dirisha la tatu! Kitunguu saumu chote, pilipili yote! Vile asivyovilamba yeye, jua limevimaliza: mafuta yameyeyuka, yamesambaa, Justa ana doa la mafuta kuanzia kidevuni hadi magotini, na sisimizi wamepanga mstari mzuri kuliko wangu. Nimejaribu kudondosha rangi juu yake. Inakimbia! Haishiki popote! Kigae kizima kimekuwa mpaka!

Nikamwambia Reme kwamba Casilda alijua mimi niko nyuma ya gazeti. Alipanga. Alinilisha uongo ule kwa makusudi. Reme kasema labda mwanamke wa watu alikuwa anakula mkate. Wakati mwingine najiuliza nilioa upande gani wa barabara.

Jumamosi, 8 Julai

Siku mbili za kusugua vigae. Nimevirudisha tanurini tupu ili mafuta yaungue. Moshi ulitoka mtaani wenye harufu ya nguruwe wa kuchoma, watu watatu wakagonga mlango kuuliza chakula kinaanza saa ngapi. Wa tatu alikuja na viti vyake.

Wakati nawafukuza, nimemwona Casilda dirishani kwake, ng'ambo. Ameinama juu ya vigae, kimpira chake cha kudondoshea rangi mkononi, anajaza bluu. Tone. Anasubiri. Tone. Anasubiri. Uvivu gani ule! Kainua kichwa, kanipungia mkono. Sikumpungia. Nilimfungia dirisha kwa kishindo mpaka kioo kikapata ufa.

Kioo ni changu. Hasira imepanda mara mbili.

Jumatatu, 10 Julai

Nimepata wazo, na ni wazo la haki.

Leo Reme aliosha kikaango kile nilichotumia kuyeyushia mafuta mekundu. Tone moja la sabuni ya vyombo, ile ya limau, na mafuta yote yakatawanyika yakatokomea. Nikabaki nimesimama nyuma yake nimeduwaa. Reme kauliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu, endelea, mke wangu, unaosha vizuri sana. Kanitazama kama mgonjwa.

Maana yake ni hii: sabuni ikiingia kwenye rangi, rangi haiogopi tena mafuta. Inavuka kamba kavu inavyotaka.

Mchana, mtaa mzima umelala, nikavuka barabara. Mlango wa karakana ya Casilda hafungi, anajiona ana marafiki. Mtungi wake wa bluu uko rafuni, umeandikwa BLUU, kama vile kuna asiyeona. Nikaminya chupa ya sabuni mpaka ikalia prrr. Nikakoroga kwa kidole. Nikatoka.

Si wizi. Sikuchukua kitu, niliongeza. Jumapili mbingu ya Casilda itawamwagikia watakatifu wake wote wawili, na ukuta wa baba utabaki kwa damu ya baba. Usiku huu nalala usingizi wa mtoto.

Jumatano, 12 Julai

Nimechora upya kwa mafuta yangu ya zamani ya kitani. Nimechora haraka, kwa sababu siku zinakwenda na kwa sababu mimi si mtu wa kuzembea. Njano, safi. Kijani, safi kiasi. Nikafika kwenye anga na vazi la Justa, nikakuta bluu yangu imeganda kama jiwe. Nilisahau kufunika mtungi tangu wakati wa jogoo.

Nikapiga kelele. Nikarusha kimpira. Reme akasema tulia, baba, nitakutafutia bluu, akatoka. Hakukawia, kaja na mtungi umeviringishwa wote kwa kitambaa. Mara chache mwanamke huyu ananifaa, na leo alinifaa. Nilimwambia hivyohivyo. Kasema asante kwa sauti ambayo si ya asante.

Nikajaza bluu yote, mbingu na vazi, mpaka jioni.

Alhamisi, 13 Julai

Asubuhi nimekuta bluu imetoka kwake. Imevuka mstari kama mbuzi wanaovuka barabara, bila kuuliza mtu. Imeingia kwenye mnara. Imeteremka kwenye shavu la Rufina na kukusanyika kidevuni. Nikaikausha kwa sifongo, ikarudi. Nikachora mstari mwingine juu yake, ikapita chini. Nikaitukana, haikujali.

Halafu nikanusa. Limau.

Nikamwita Reme. Nikamuuliza kwa upole, kwa upole kabisa, ile bluu alitoa wapi. Kasema kwa dada Casilda, angetoa wapi kwingine? Eti kampa mtungi mzima kwa moyo mweupe, kamwambia, "Chukua wote, mwenzangu, mimi kazi ya bluu nilimaliza tangu Jumamosi. Mwambie Eladio asihangaike kurudisha."

Nilikaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Reme kaniangalia. Kauangalia mtungi. Kaingiza pua ndani. Kaenda jikoni, kainua chupa ya sabuni, kaitikisa: tupu. Karudi, kasimama mlangoni na mikono kiunoni, akasema: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, ehe? Na safari hii nguruwe si yule wa kwenye kopo."

Nimemwambia hakuna ushahidi. Kasema ushahidi umelowa suruali. Chakula cha mchana nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, 14 Julai

Vigae vipya havipo na siku hazipo. Nimevitia tanurini hivyohivyo. Moto ni hakimu wa haki, baba alikuwa anasema, na mara nyingine hakimu hulainika. Casilda naye kawasha lake. Moshi wake unapanda umenyooka. Wangu umeingia sebuleni.

Jumapili, 16 Julai

Nimefungua tanuri alfajiri. Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: Rufina ana ndevu. Ndevu za bluu, nene, mpaka kifuani. Justa yeye amezama, imebaki pua na chungu kimoja. Mnara haupo. Pale mnara ulipokuwa kuna kitu kama samaki aliyesimama.

Reme akasema tubaki nyumbani, tuseme tanuri limepasuka. Niliona macho yake, hakuwa ananicheka. Alisema taratibu, Eladio, si lazima uende. Nikamwambia Pozuelo hajifichi. Nikavibeba.

Mtaa wote ulikuwa pale mbele ya kanisa baada ya misa. Nikapanga vigae vyangu kwenye ngazi, upande wa kulia. Bibi mmoja akauliza yule mwenye ndevu ni mtakatifu gani, maana angependa kumwomba kuhusu nywele za mumewe. Basi! Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaeleza kwamba huu ni mtindo mpya, kwamba huko Madrid watu wanapanga foleni kuona vitu vya namna hii. Don Hilario akavaa miwani, akavua, akasema Madrid ni mbali, Eladio, wahurumie watakatifu.

Halafu Casilda akafunua yake.

Sitaki kuandika. Naandika. Mistari ilikuwa myembamba, myeusi, hakuna pengo hata moja. Bluu ilikaa kwake. Nyuso mbili zilitutazama kama zilivyokuwa zinatutazama kabla ya lori. Mtu nyuma yangu akavuta kamasi. Nikatafuta kosa. Nikapiga magoti nikatafuta kutoka kona hadi kona, na kwenye kona ya chini, palepale pa zamani, nikasoma: KARAKANA YA ANSELMO POZUELO NA WANAFUNZI WAKE.

Jina la baba. Kaliandika jina la baba kwa mkono wake, la kwake hakuliandika kabisa.

Nikapangusa macho. Nadhani ni vumbi. Kisha nikasoma tena neno la mwisho na damu ikanipanda kichwani. Wanafunzi! Nani mwanafunzi? Kaniweka kundi moja na wafagizi!

Hawakupiga hata kura. Walipiga makofi.

Jumatatu, 17 Julai, sikukuu ya Watakatifu Justa na Rufina

Picha imepandishwa ukutani. Wamenipa kazi ya kushika ngazi. Mimi! Kwenye ukuta wa baba, nashika ngazi, na juu yangu Casilda anapaka saruji na kunidondoshea kichwani.

Alipoteremka akaniambia twende baa, nimkaribishe bia au anikaribishe. Reme akanisukuma kwa kiwiko. Tukaenda. Casilda hakusema lolote kuhusu sabuni. Najua anajua, alinusa mtungi Reme aliporudisha. Angesema ningekuwa na la kujibu. Hakusema, na hilo limeniudhi zaidi.

Kasema hivi: mzee alipokuwa kitandani, siku za mwisho, alimwita. Akamwambia, mwanangu akija kukuuliza, mwonyeshe kila kitu, usimfiche. Na yeye Casilda amesubiri miaka yote hii. Mlango hafungi, eti kwa sababu hiyo. Siri haipo, kasema. Unachora, unaacha, unakwenda kulala, unarudi kesho. "Njoo Jumatano asubuhi, Eladio, soko jipya linataka kuta nane za vigae, peke yangu siziwezi. Uliza tu. Neno moja."

Reme alishika mkono wangu chini ya meza na kuufinya.

Nikasimama. Nikamwambia, mbele ya wote, ili ajue na asisahau: "Mimi ni mwana. Si mwanafunzi!"

Casilda akasema kwa sauti ya chini, "Hilo ndilo lililomuuma mzee mpaka akafa." Akamaliza bia yake, akaenda.

Umeona? Hakuwa na jibu. Nimemshinda mbele ya mtaa mzima. Reme hajaongea nami tangu tumerudi, ameketi uani na Askofu mapajani, anajifuta macho kwa aproni. Kitunguu, bila shaka, ingawa sioni kitunguu.

Siri haipo! Mtu asiye na siri hana haja ya kusema haipo. Kuta nane za soko, hizo nitazichukua mimi peke yangu. Nimeshafikiria. Kosa la mafuta ni kwamba yanayeyuka. Kabatini nimeona chupa nzima ya asali. Asali inanata, ni nzito, na paka hailambi. Sisimizi watajiju. Kesho alfajiri naanza, kabla Reme hajaamka kutafuta ya kutia kwenye chai.